Kitabu gani cha kujifunzia Apache Airflow? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali yanayorudi kila mtu anapotaka kujifunza Airflow kwa kitabu. Hutapata jina la kitabu kimoja cha kununua, maana jibu la namna hiyo huzeeka upesi. Utapata namna ya kukifungua kitabu chochote na kujua kama kitakufaa.

Neno moja kwanza. Kwa Kiswahili tunasema "toleo" tukimaanisha kitabu, na "toleo" tukimaanisha programu, na mkanganyiko huo umewapotezea wengi wiki nzima. Katika majibu haya, "toleo" ni la programu tu. Kitabu kina "chapa": chapa ya kwanza, chapa ya pili.

## Mambo ya msingi

Airflow ni nini, na inafanya nini ambacho cron haifanyi?

Airflow ni kiunzi cha kupanga na kusimamia mitiririko ya kazi. Unaandika kwa Python kwamba kazi A itangulie, B na C zifuate, na D izisubiri zote mbili. Airflow inaziendesha kwa ratiba, inaweka rekodi ya kila moja, inaijaribu tena iliyoshindwa, na inakuonyesha yote kwenye kivinjari. Mpango huo huitwa DAG, yaani grafu ya mishale isiyo na mzunguko: ukiifuata mishale huwezi kujikuta umerudi ulikoanzia.

Ilianza mwaka 2014 ndani ya Airbnb, mikononi mwa Maxime Beauchemin. Ikatangazwa kwa umma 2015, ikaingia Apache Incubator 2016, na Januari 2019 ikawa mradi kamili wa Apache Software Foundation.

Cron, kipanga-ratiba cha mifumo ya Unix, inajua saa, basi. Saa nane usiku ikifika inaendesha amri. Kama faili linalosubiriwa halijafika, hiyo si habari yake. Ukishakuwa na kazi tano zinazotegemeana unaanza kuandika hati ya kukagua kama kazi ya kwanza imeisha, kisha hati ya kukagua hati hiyo. Airflow ilizaliwa kuondoa mzigo huo, na ndiyo maana kitabu chake kinapaswa kupimwa kwa namna kinavyoeleza kazi inaposhindwa. Tazama swali la dakika kumi, hapo chini.

Nyaraka rasmi ni za bure, tena zinakwenda na wakati. Kitabu cha nini?

Nyaraka rasmi humjibu vizuri mtu anayejua anachouliza. Ukitaka kujua kigezo fulani huandikwaje, hakuna kitabu kitakachozishinda. Shida ya anayeanza ni kwamba bado hajui aulize nini. Anafungua ukurasa wa kwanza, anakutana na viungo thelathini vyenye uzito sawa, na hakuna kinachomwambia kipi anaweza kukiacha kwa miezi sita bila hasara.

Kitabu kizuri kinachagua kwa niaba yako. Kinapanga kipi kitangulie, na kinathubutu kusema "njia hii ipo, lakini usiitumie". Nyaraka hazina budi kuorodhesha njia zote. Kwa hiyo mimi huvigawia kazi hivi: kitabu ni cha kuelewa, nyaraka ni za kuhakikisha msimbo umeandikwa sawasawa. Ukikitumia kitabu kama kamusi ya vigezo, kitakuangusha ndani ya mwaka.

Nahitaji kujua nini kabla ya kuanza?

Python ya kiwango cha kuandika funkisheni, kuleta moduli na kusoma ujumbe wa hitilafu mpaka mstari wa mwisho. SQL ya kuunganisha majedwali. Mstari wa amri usiokutisha. Ukijua pia dekoreta za Python ni kitu gani, utasoma kwa raha zaidi, kwa sababu tangu toleo la 2.0 (Desemba 2020) Airflow inakuruhusu kuigeuza funkisheni ya kawaida kuwa kazi kwa kuweka `@task` juu yake.

Kama Python yenyewe bado inakusumbua, anza nayo. Vitabu vinavyoahidi kufundisha Python na Airflow kwa pamoja huishia kuifundisha lugha kwa haraka na kiunzi kwa juujuu.

Kitabu kimoja kinatosha?

Kwa Airflow yenyewe, ndiyo. Cha pili kisiwe cha Airflow tena. Kiwe cha kile Airflow inachokiendesha: usanifu wa hifadhidata, mifumo iliyosambazwa, au Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi) kama ndiko kazi zako zinakoendeshwa.

## Matoleo, ambako ndiko wengi huumia

Kitabu nilichokipata ni cha Airflow 1.10. Bado kinafaa?

Kwa mtu anayeanza leo, hapana. Mfululizo wa 1.10 uliacha kutunzwa Juni 2021, na hapo mambo mawili makubwa yalikuwa yamekwisha kubadilika. La kwanza, katika 2.0 opereta (violezo vya kazi vilivyo tayari) za huduma za nje zilitolewa kwenye kiini na kuwa vifurushi vinavyosakinishwa peke yake, hivyo mistari mingi ya kuleta moduli katika kitabu cha zamani haifanyi kazi. La pili, mtindo wa kuandika wenyewe ulibadilika, kutoka opereta zilizounganishwa kwa mishale hadi funkisheni zinazopeana majibu.

Kuna kundi moja linalokihitaji, nao ni wale waliokabidhiwa mfumo wa zamani ambao haujahamishwa. Hao nimewajibu katika sehemu ya mwisho.

Na kitabu cha Airflow 2, sasa kwa kuwa 3 imetoka?

Hapa jibu ni tofauti. Airflow 3.0 ilitoka Aprili 2025, na kikomo kilichotangazwa cha kutunza mfululizo wa 2 ni Aprili 2026. Lakini mtu aliyeielewa vizuri 2 anaielewa sehemu kubwa ya 3. DAG ni zilezile, kazi ni zilezile, kujaribu tena ni kulekule. Kitabu kizuri cha 2 bado ni bora kuliko kitabu dhaifu cha 3, alimradi ukisome ukijua yaliyobadilika:

Msimbo wa DAG sasa huleta vitu kutoka `airflow.sdk`. `schedule_interval` imeondolewa, imebaki `schedule`. Kilichoitwa Dataset sasa ni Asset. SubDAG, yaani DAG ndani ya DAG, zimeondoka, na nafasi yake ni ya makundi ya kazi. Amri ya `airflow webserver` imekuwa `airflow api-server`. Jambo zito kuliko hayo ni kwamba msimbo wa kazi hauruhusiwi tena kuigusa moja kwa moja hifadhidata ya ndani ya Airflow. Kitabu chochote kinachokufundisha kuisoma hifadhidata hiyo kutoka ndani ya kazi, sura hiyo iruke nzima.

Lipo badiliko jingine linalohusu wakati, nalo halitoi ujumbe wowote wa kosa. Nimelieleza peke yake katika swali la tarehe.

Jalada halitaji toleo. Nitalijuaje?

Fungua mfano wowote wa msimbo. Msimbo haufichi umri wake.

Ukiona `airflow initdb`, au `from airflow.operators.bash_operator import BashOperator`, au `provide_context=True`, hicho ni cha 1.10. Ukiona `airflow db init` na `from airflow.operators.bash import BashOperator`, ni cha mfululizo wa 2, na huenda cha mwanzoni mwake, maana kuanzia 2.7 amri iliyopendekezwa ni `airflow db migrate`. `DummyOperator` pia ni alama ya zamani. Baadaye, ndani ya mfululizo wa 2, jina likawa `EmptyOperator`. Ukikutana na `expand()`, yaani kazi zinazozaliwa kwa idadi inayojulikana wakati wa kuendesha tu, mwandishi alikuwa na angalau 2.3 ya mwaka 2022. Na `from airflow.sdk import dag, task` ni 3, bila shaka.

Jihadhari na kitabu chenye alama za vizazi viwili katika sura tofauti. Mara nyingi ni chapa ya pili iliyorekebishwa mwanzoni tu. Sura tatu za kwanza zinang'aa. Ya kumi bado inaishi 2019.

Si nitazame tu mwaka wa kuchapishwa?

Mwaka unasaidia kidogo. Kitabu cha kiufundi huandikwa kwa muda mrefu kabla hakijachapwa, na toleo alilolishika mwandishi ni lile la alipoanza. Kitabu kilichochapwa miezi michache baada ya toleo kubwa kutoka ndicho cha kukikagua zaidi, kwa kuwa huenda kiliandikwa chote kwa lile lililotangulia. Amini msimbo kuliko ukurasa wa haki miliki.

Hivi viunzi vyote hubadilika namna hii?

Si vyote kwa kiasi kimoja. Mfano mchungu kuliko yote ninaoujua ni wa Windows Workflow Foundation ya Microsoft. Iliingia na .NET 3.0 Novemba 2006, na vitabu vikafuata. Mwaka 2010, katika .NET 4, iliandikwa upya kiasi kwamba aliyekuwa ameshika kitabu cha mwanzo alilazimika kuanza tena. Kisha .NET Core ilipokuja, Microsoft haikuihamishia huko kabisa.

Upande wa pili ni BPMN 2.0, lugha ya kuchora michakato iliyotolewa na shirika la OMG mwaka 2011 na kupitishwa kuwa kiwango cha ISO 2013. Kitabu kizuri cha BPMN cha wakati huo bado kinasomeka leo, kwa kuwa kinaeleza kiwango badala ya bidhaa. Kadiri kitabu kinavyokaa karibu na vitufe vya skrini, ndivyo kinavyochakaa mapema. Airflow iko katikati: mawazo yake yamedumu, majina yake hayatulii.

## Kukipima kitabu kabla ya kukilipia

Nina dakika kumi na sura moja ya bure. Nitazame wapi?

Tafuta mahali kitabu kinapozungumzia kazi iliyoshindwa. Ingia kwenye faharasa ya mwisho, tafuta kushindwa, kujaribu tena, kurudia. Kama zimetajwa mara moja kwenye sura ya kumi na moja, kiweke chini.

Sababu ni hii. Kuendesha kazi zinazofanikiwa hakuhitaji kiunzi. Cron na hati fupi zinatosha. Thamani yote ya Airflow iko kwenye usiku ule seva ya mbali ilipokatika katikati ya kazi ya tatu. Kitabu kinachokuonyesha DAG arobaini za kijani (zilizofanikiwa) bila hata moja nyekundu (iliyoshindwa) kinakufundisha nusu isiyo na kazi.

Maswali ambayo mwandishi anapaswa kuwa ameyajibu ni kama haya. Kwa kawaida Airflow hairudii kazi iliyoshindwa mpaka uweke `retries`, je, amesema? Na ukiiweka, inasubiri dakika tano kati ya jaribio na jaribio usipobadilisha. Je, ameeleza lini dakika tano ni nyingi na lini ni chache? Lililo kubwa zaidi: je, ameeleza kwamba kazi lazima iandikwe ili iweze kurudiwa bila kuharibu?

Chukua kazi inayoingiza mauzo ya jana kwenye jedwali. Imeingiza safu elfu sita, muunganisho ukakatika, Airflow ikaijaribu tena, ikaingiza zote elfu kumi. Sasa jedwali lina safu elfu kumi na sita, skrini inaonyesha kijani, na hakuna anayejua mpaka mwisho wa mwezi. Dawa yake ni kufuta kwanza safu za siku hiyo na kuingiza mpya ndani ya muamala mmoja, ili hata ikirudiwa mara saba matokeo yawe yaleyale. Kitabu kisichokuwa na mfano wa namna hii mapema, kabla ya theluthi ya kwanza kuisha, mimi sikipendekezi kwa mtu yeyote hata kama kimeandikwa kwa lugha tamu.

Kwa nini watu husema "soma sura ya tarehe kwanza"?

Kwa sababu ndiyo inayotenganisha mwandishi aliyeitumia Airflow na aliyeisoma tu.

Katika matoleo ya 1 na 2, DAG ya kila siku inayohusu tarehe 1 Machi haiendeshwi tarehe 1 Machi. Inaendeshwa usiku wa manane wa kuingia tarehe 2, kwa kuwa ndipo data ya siku nzima ya tarehe 1 imekamilika. Tarehe 1 hiyo iliitwa `execution_date`, yaani tarehe ya kuendeshwa, ilhali ndiyo siku ambayo DAG haikuendeshwa. Jina hilo limewapotosha watu kwa miaka. Toleo la 2.2 la Oktoba 2021 lilileta majina ya kweli zaidi: `logical_date`, na mipaka miwili ya kipindi, `data_interval_start` na `data_interval_end`.

Kisha ikaja 3.0. `execution_date` iliondolewa, na tabia ya msingi ikageuka: ratiba iliyoandikwa kwa mtindo wa cron haitengenezi tena kipindi cha data. Mwanzo wa kipindi na mwisho wake ni saa ileile moja, saa ya kuendeshwa. Sasa fikiria ulijifunza kwenye kitabu kizuri cha 2 kuandika "chukua safu kuanzia `data_interval_start` hadi kabla ya `data_interval_end`". Kwenye 3 ombi hilo linarudisha safu sifuri. Kazi inafanikiwa, rangi ni ya kijani, jedwali ni tupu. Upo mpangilio wa kurudisha tabia ya zamani, `create_cron_data_intervals`, lakini lazima kwanza ujue kwamba unauhitaji.

Hapo hapo tazama kama kitabu kinaeleza `catchup`. Katika 2, ukiwasha DAG yenye tarehe ya kuanza ya mwaka jana, Airflow huendesha siku zote zilizopita usipoikataza. Katika 3 kawaida imegeuzwa: haifanyi hivyo mpaka uiombe. Mwandishi aliyewahi kuwasha DAG moja na kuona maendesho mia tatu yakifumuka kwa mpigo hawezi kusahau kuandika aya kuhusu hilo.

Mifano iwe ya namna gani?

Iwe inagusa kitu kilicho nje ya Airflow: hifadhidata, faili linalochelewa, huduma ya mtandaoni inayokataa maombi mengi. Kazi zinazochapisha "habari" na "kwaheri" zinatosha kwa sura moja, si kwa kitabu.

Uchunguzi mzuri ni kutazama mwandishi anavyopitisha data kati ya kazi. Airflow ina njia iitwayo XCom, ambayo kwa kawaida huhifadhi kinachopitishwa ndani ya hifadhidata yake yenyewe. Ni ya vitu vidogo: jina la faili, idadi ya safu. Mwandishi anayepitisha jedwali zima humo bila kuonya anakuandalia tatizo utakaloliona siku data itakapokua.

Tazama pia msimbo ulio nje ya kazi, juu kabisa ya faili la DAG. Airflow huyasoma mafaili hayo tena na tena, na kwa mpangilio wa kawaida yaweza kuwa kila sekunde thelathini. Mfano unaofungua hifadhidata hapo juu unaipiga hodi mchana na usiku, hata kama DAG yenyewe huendeshwa mara moja kwa wiki.

Kitabu chenye kurasa nyingi ni bora?

Hapana. Kurasa nyingi mara nyingi ni picha za skrini, na sura ya Airflow kwenye kivinjari imebadilika katika 2 na ikaandikwa upya katika 3.

Maoni ya wasomaji yana uzito?

Yana, ukiyasoma kwa mpangilio wa tarehe. Nyota tano za wiki ya kwanza zinakuambia machache. Maoni yenye faida ni ya mtu anayesema "sura ya saba, mfano wa pili, haukufanya kazi kwa toleo fulani". Malalamiko ya aina moja yakirudiwa na watu watatu wasiojuana, yaamini. Na lalamiko kwamba "kitabu kina maelezo mengi kuliko msimbo" kwangu ni sifa.

Mwandishi awe nani?

Awe amewahi kuamshwa usiku na mfumo aliousimamia. Huwezi kuona hilo kwenye wasifu, lakini huonekana kwenye maandishi: anataja gharama za kila njia, anasema alichokuwa akikifanya zamani na kwa nini amekiacha. Kuwa mmoja wa wachangiaji wa mradi ni jambo jema, ila si sharti. Wachangiaji wengine wanaijua Airflow kwa ndani mno hata hawakumbuki tena mgeni anakwama wapi.

## Wakati wa kusoma

Mifano ya kitabu haifanyi kazi kwenye kompyuta yangu. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Chanzo cha kawaida ni kusakinisha kwa `pip install apache-airflow` tupu. Airflow inategemea maktaba nyingi, nazo hutoa matoleo mapya kila siku; seti inayopatana leo inaweza isipatane kesho. Mradi wenyewe huchapisha faili la vizuizi kwa kila toleo la Airflow na kila toleo la Python, linalotaja toleo kamili la kila maktaba. Sakinisha toleo lilelile la kitabu, pamoja na faili lake la vizuizi, na matatizo mengi yatatoweka.

Kama unatumia Windows, Airflow haiendeshwi juu yake moja kwa moja. Tumia WSL2, yaani Linux ndani ya Windows, au kontena za Docker. Kitabu kisichotaja hili kwenye sura ya usakinishaji kinakuacha njiani siku ya kwanza.

Nisome kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Soma theluthi ya kwanza kwa utaratibu, ukiandika kila mfano kwa mkono wako. Kisha ruka mpaka kwenye kushindwa na kurudia. Sura za Celery na Kubernetes, za kugawa kazi kwa mashine nyingi, ziache hadi uwe na sababu. LocalExecutor, inayoendesha kazi papo hapo kwenye mashine moja yenye PostgreSQL hubeba kazi nyingi kuliko wanavyodhani wengi.

Halafu, kabla hujaendelea, haribu. Zima hifadhidata katikati ya kazi. Badilisha nywila iwe mbaya. Futa faili linalosubiriwa na kihisi (kazi ambayo shughuli yake ni kusubiri kitu kitokee), uone kinavyokaa: usipoweka kikomo, kihisi cha Airflow husubiri hadi siku saba, na katika hali yake ya kawaida kinashikilia nafasi ya utekelezaji muda wote huo. Utalijua jambo hilo vizuri zaidi kwa kuliona kuliko kwa kulisoma mara tatu.

Nakala ya karatasi au ya kielektroniki?

Ya kielektroniki, kwa sababu unaweza kutafuta neno na kunakili msimbo, na wachapishaji wengine huisasisha. Karatasi inafaa kwa vitabu vya mawazo, vile vya "cha pili" nilivyovitaja mwanzoni.

## Hali zisizo za kawaida

Kazini tuna Airflow ya zamani na hatuna mpango wa kuhama. Ninunue kitabu cha zamani?

Hapa, ndiyo: kitafute kilichoandikwa kwa toleo mlilonalo, hata kama ni 1.10. Utakuwa unasoma msimbo wa wengine wenye `execution_date` kila kona, na kitabu cha 3 hakitakueleza maana yake. Lakini kila unachokiandika kipya kiandike kwa namna inayohamishika. Siku ya kuhama ikifika, Ruff, chombo cha kukagua msimbo wa Python, kina kanuni zinazoanza na AIR zinazoonyesha msimbo utakaovunjika kwenye 3. Hata ukiwa unasoma tu, ziendeshe juu ya mifano ya kitabu cha 2: utaletewa orodha ya yaliyopitwa na wakati, mstari kwa mstari.

Tunatumia Airflow inayoendeshwa na kampuni ya wingu. Nahitaji sura za usakinishaji?

Huzihitaji kwa kina. Amazon MWAA na Google Cloud Composer hukuondolea kazi ya kuendesha seva. Hazikuondolei tarehe, kurudia, XCom wala msimbo mbaya juu ya faili la DAG. Chagua kitabu kwa sura hizo, na usilipie kile ambacho nusu yake ni picha za dashibodi ya kampuni moja. Kagua pia huduma yenu inatoa matoleo yapi kabla ya kununua, kwani huenda toleo jipya kabisa halijafika huko.

Sina hakika kama Airflow ndiyo ninayoihitaji.

Basi usinunue kitabu bado. Jiulize mtiririko wako umefanana na nini. Kama ni data inayosogezwa kwa makundi kwa ratiba, Airflow inafaa. Kama ni oda ya mteja inayoishi siku kumi, ikisubiri malipo, kisha mzigo, kisha uthibitisho, na kuna maelfu ya oda kwa wakati mmoja, tazama viunzi kama Temporal, ambavyo huhifadhi hali ya programu ili iendelee ilipoishia hata seva ikizimika. Kama kuna binadamu wanaoidhinisha hatua na wasimamizi wanaotaka kuuona mchoro, ulimwengu wa BPMN ndio wako.

Kinachoshangaza ni kwamba swali la kushindwa huvipima vitabu vya aina zote tatu. Tofauti ni jina tu. Kwenye Temporal na BPMN utatafuta fidia, yaani namna ya kutengua hatua zilizokwisha kufanikiwa pale ya mbele inapokwama. Wazo hilo lina umri: Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliliandikia makala mwaka 1987, wakaliita saga.

Si nimuulize tu msaidizi wa akili mnemba badala ya kununua kitabu?

Muulize, lakini si badala ya kitabu. Kwa Airflow hasa, wasaidizi hawa wamelishwa msimbo wa miaka yote, na hukuletea jibu lenye kuleta moduli kwa mtindo wa 1.10, dekoreta za 2 na jina la 3 katika aya moja. Asiyejua hawezi kuona mshono. Ukitumia, taja toleo kamili katika kila swali, kisha upime jibu kwa zile alama za msimbo nilizozitaja juu.

Nimekuta kosa kwenye kitabu. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha si suala la toleo. Kisha tafuta ukurasa wa masahihisho wa mchapishaji, au hazina ya msimbo ya kitabu kwenye GitHub, na usome masuala yaliyofungwa pamoja na yaliyo wazi, kwani mengi hujibiwa na kufungwa bila kitabu kubadilika. Kama lako ni jipya, liandike: toleo la Airflow, toleo la Python, ukurasa, ulichotarajia, kilichotokea. Hazina yenye masuala ya miezi ya karibuni yaliyojibiwa na mwandishi mwenyewe ni sababu tosha ya kukichagua kitabu hicho kati ya viwili vinavyolingana, kwa hiyo itembelee kabla hujalipa.